Mashine ya mezani ya kufukiza majani makavu inanuka plastiki, hii kitu ni salama kweli?

Mwana wa Segerea

Wakuu habari za muda huu. Nina mashine ya mezani ya kufukiza majani, sio ile ya mvuke wa maji, hii inapuliza hewa ya moto kavu inapita kwenye majani yaliyosagwa, majani hayaungui ila mafuta yake yanatoka na ile hewa na wewe unavuta kupitia mpira wenye kioo mbele. Bro yuko Ujerumani alikuwa nayo haitumii akaja nayo alipokuja msibani. Mi pua zinaziba tangu niko shule, sinasi zinanisumbua balaa msimu wa vumbi, kwa hiyo naweka mkaratusi mkavu, saa nyingine mrehani. Sio bangi, najua mtaanza.

Sasa ishu iko hivi. Mpira wake wa asili ulichanika kwenye begi, nikachukua mwingine Kariakoo kwenye duka la vitu vya matangi ya samaki, ule wa kupitishia hewa, unaoonyesha, ukaingia vizuri kabisa. Baadae mashine ikagoma kuwaka, fundi wa hapa mtaani akaifungua ikarudi fresh, tena sasa hivi inapata moto haraka kuliko mwanzo. Ila inanuka. Harufu kama pazia la bafuni jipya, na ukivuta macho yanawasha kwa mbali. Nimeiwasha tupu bila majani nikidhani ni upya wa mpira itaisha, wapi.

Naomba kujua ile koili ya ndani ni chuma gani na inaweza kuwa inatoa sumu? Kioo je? Nyuma kuna stika ya CE na RoHS, bro anasema kitu kikiwa na hizo wala usiwaze. Wife ndo kabisa hataki kuiona sebuleni, tuna mtoto wa mwaka mmoja.

Kipara wa Tandale

Mkaratusi eeh 😂😂 sawa mkuu tumekuelewa. DCEA, wale wa dawa za kulevya, wakipita hapo Segerea waambie na wao ni sinasi.

Mzee wa Bikari

Mkuu usimsikilize Kipara, swali lako ni la maana na watu wengi wanalikosea. Mi niko kwenye maabara mambo ya vyuma na plastiki ndo kazi ya kila siku.

Kila mtu anaanza na koili na koili ndo kitu cha mwisho cha kukutisha. Koili nyingi ni nikromu, nikeli kama 80% na kromu 20%, waya ule ule ulioko kwenye tosta na mashine ya kukaushia nywele, au ni ile aloi ya chuma, kromu na aluminiamu wanaita Kanthal. Waya huo umetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi zaidi ya 1000, unapowaka unajifunika na ngozi ngumu ya oksidi ambayo haibanduki ovyo. Mashine yako inaishia 200 na kitu hapo. Na mashine nyingi nzuri hewa haigusi hata huo waya, inapita kwenye tofali la aluminiamu au bomba la kauri lililopashwa moto.

Cha kuangalia ni hiki: hewa ikishapita kwenye hita imekuwa ya moto, je kuanzia hapo mpaka mdomoni mwako inagusa nini? Kila kitu kilichoko kwenye hiyo njia ndo unachokivuta. Oringi (zile pete za mpira za kuziba), gundi, mpira, kichujio cha waya, mafuta aliyopaka fundi ili kifuniko kiteleze. Nyaya na saketi ziko kando, zinaweza kuwa na risasi, ile metali ya sumu, kiasi gani sijui lakini kama feni haivuti hewa kupitia kwenye zile saketi hazikuhusu. Hapo kwenye feni kagua kweli maana mashine za bei ya kutupa feni inavuta hewa kwenye boksi lile lile lenye bodi ya umeme, halafu ndo inasukuma kwenye hita, yaani unavuta vumbi la bodi na la hiyo sufi nyeupe ya kuzuia joto kama imefumuka.

Kioo hakina neno kama ni borosilikati, kile cha maabara. Hakina risasi, na ukikipasha hakitanuki sana ndo maana hakipasuki kirahisi. Kioo cha kawaida cha glasi ya chai nacho hakitoi sumu, tatizo lake kitapasuka kwenye joto. Kama kilishapasuka mkaunga na supaglu basi sema mapema, ile gundi ikipata joto inaachia mvuke unaochoma macho.

Sasa mpira wako. Nina wasiwasi mkubwa sana kwamba huo ni PVC. Mipira inayoonyesha ya matangi ya samaki mingi ni PVC, na PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji, ili iwe laini vile wanaichanganya na mafuta ya kulainishia, ftaleti au jamaa zake. Yale mafuta hayajashikana na plastiki kikemia, yamekaa tu humo, ukiyapa hewa ya moto yanatoka. Ndo hiyo harufu ya pazia la bafuni, na haiishi leo wala kesho kwa sababu hayo mafuta ni sehemu kubwa ya mpira wenyewe, utaiwasha tupu mpaka LUKU iishe. Mpira wa silikoni unafanana nao kwa mbali ila sio mng'avu, una ukungu fulani, ukiukunja hauachi alama na ukikaa kwenye hewa ya 200 haulainiki.

Jaribu hivi, lakini nje ya nyumba na upepo ukiwa unapeleka mbali na wewe. Chukua waya wa shaba mnene, toa plastiki yote, ushike na koleo, uchome kwenye moto wa bluu wa gesi mpaka ule moto urudi rangi yake ya kawaida. Ukiwa bado mwekundu ugusishe kwenye kipande kidogo cha huo mpira kiyeyuke kidogo kwenye shaba, halafu rudisha waya motoni. Ukiona moto wa kijani kibichi hapo kuna klorini, hiyo ni PVC, kitupe. Silikoni haitoi kijani. Silikoni ukiichoma yenyewe inabaki jivu jeupe la unga, kwa sababu ndani yake kuna silika.

Stika za CE ntarudi kuzielezea baadae niko kazini.

Bi Rukia wa Kisauni

Mwenzangu wanipa hofu sasa. Mimi nina chetezo cha umeme, hivi vya kutoka Dubai vya kuchomeka ukutani, kile kisahani chake cha dhahabu juu chaanza kubambuka rangi, na udi wangu mimi natia kila jioni na wajukuu wako humo humo. Yafaa kweli? Manake harufu ya udi yafunika kila kitu hata nikisema kwanuka plastiki sitajua.

Mzee wa Bikari

Shikamoo mama. Washa siku moja bila udi, madirisha wazi, unuse. Kama kisahani kitupu kinatoa harufu basi hiyo ni rangi inaungua, na kwa rangi ya dhahabu ya bei rahisi mi singekuwa na imani nayo. Kwa sasa tandika karatasi ya aluminiamu ile ya jikoni, udi ukae juu yake, ukichafuka unabadilisha. Lakini rangi ikiendelea kubambuka nunua kingine chenye kisahani cha kauri au stenlesi tupu. Na moshi wa udi wenyewe mama, hata wa mkaa, sio wa kukaa nao watoto wadogo chumba kimefungwa.

Bi Rukia wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Madirisha nitafungua, udi siachi.

Jembe Halilimi

Mnajitesa bure vijana. Chemsha sufuria, tia mkaratusi, mchaichai, majani ya mwarobaini, jifunike blanketi, jasho likutoke mwisho wa habari. Wakati wa korona nchi nzima tulijifukiza hakukuwa na koili wala silikoni hapo. Sufuria haina RoHS na hamna aliyekufa.

Mzee wa Bikari

Jembe kwenye vifaa uko sahihi kabisa, sufuria haina kitu cha kuyeyuka na maji hayazidi nyuzi 100 hata uongeze kuni. Ila usiseme hakuna madhara, watu wanaungua na lile sufuria vibaya sana hasa watoto, limekaa sakafuni chini ya blanketi mtu haoni. Na jamaa hajauliza kipi bora, kauliza alichonacho ni salama au vipi.

Narudi kwenye stika. CE kwa vitu vingi vya umeme vya nyumbani mtengenezaji anajitangazia mwenyewe kwamba kafuata sheria za Ulaya, hakuna afisa aliyekaa akaipima. Na kuchapisha stika ni rahisi kuliko kutengeneza mashine. RoHS ni sheria ya kweli na ni nzuri, inabana risasi isizidi 0.1% ya uzito wa malighafi na kadimiamu isizidi 0.01%, lakini lengo lake ni vitu hatari visijae kwenye vifaa vya umeme na kwenye majalala. Inapima kilichomo ndani ya malighafi. Haipimi kitakachotoka kwenye mpira ukiwa na joto la nyuzi 190 na mtu kaushika mdomoni. Mashine inaweza kuwa na RoHS halali kabisa na bado isifae kuvutwa. Na huo mpira wako wa samaki haujawahi kuwa sehemu ya hiyo mashine kwa hiyo stika haiujui.

Mwana wa Segerea

Wakuu nimerudi. Nimefanya ile ya waya wa shaba, kijani aisee! Kijani cha kung'aa, wife alikuwa dirishani anaangalia, sasa hivi ndo kapata hoja ya mwaka. Mpira umeenda jalalani. Nimepata silikoni kwenye duka la vifaa vya maabara, ghali lakini sawa.

Harufu ya pazia imeisha. Lakini kuna harufu nyingine imebaki, kama ya kitu cha umeme kimepata moto sana, na majani yanatoka meusi kabisa wakati zamani yalikuwa yanatoka kahawia. Naweka 210 kwa sababu chini ya hapo sioni moshi. Nikafungua mfuniko wa chini kuangalia kama Mzee alivyosema. Feni inavuta hewa pembeni sio kwenye bodi, nikafurahi. Ila nimeona fundi kaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye hita, kuna kabomba kadogo ka chuma kako kwenye picha za mtandaoni za mashine hii hii na kwangu hakapo, pale kuna waya tu umelehemiwa na gundi ya moto juu. Hiyo ni kitu gani?

Mbantu wa Bremen

Ichomoe. Kabla hujamaliza kusoma hii ichomoe kwenye umeme.

Hako kabomba ni fyuzi ya joto. Sio fyuzi ya umeme ya kawaida, hii inakata moja kwa moja joto likipita kiwango chake na haijirudi, ikishakata unaweka nyingine. Iko pale kwa ajili ya siku ambayo themostati itakwama au feni itagoma na hita ikaendelea kupanda bila mtu wa kuizuia. Mashine yako iligoma kuwaka kwa sababu ilikata, yaani ilifanya kazi yake, kuna kitu kilizidi joto. Fundi badala ya kutafuta kwa nini ilizidi kaondoa mlinzi. Ndo maana unasema sasa hivi inapata moto haraka na majani yanatoka meusi, kuna uwezekano mkubwa kinachopima joto kimeharibika na wewe ukiweka 210 ndani ni zaidi ya hapo sana. Yakifika 230 kwenda juu majani yanaanza kuungua na hapo unavuta moshi wa kuni tu kama sigara, faida yote ya kutokuchoma imekwisha. Na ile gundi ya moto aliyoweka juu inalainika hata chini ya nyuzi 100, hiyo harufu ya umeme nadhani umeshaijua inatoka wapi.

Mi hapa nimekuwa na mashine ya hawa Storz & Bickel wa Tuttlingen, ile Volcano, wanaitengeneza tangu 2000 na wana toleo lake la hospitali lililosajiliwa kama kifaa cha tiba. Sisemi ununue, bei yake inauma, ila kijitabu chake kinasaidia kwa mtu wa majani ya kawaida kwa sababu wanakuandikia kila jani na joto lake: mkaratusi 130, lavenda 130, zeri ya limau 142, kamomaili 190. Umeona mkaratusi? 130. Huhitaji 210 hata siku moja. Na usitafute moshi, kwenye joto sahihi kinachotoka karibu hukioni, unakisikia tu kwenye pua. Ukiona moshi mzito ujue umezidisha.

Halafu huo mpira mpya wa silikoni, nao usianze kuutumia hivi hivi. Silikoni ikitoka kiwandani huwa na vimabaki vinavyoruka ikipata joto, ile nzuri ya chakula wanaioka kiwandani kwanza, kawaida masaa 4 kwenye nyuzi 200 na hewa inapita. Hapa Ujerumani ile taasisi ya tathmini ya hatari, BfR, kipimo chao ni hicho hicho, iokwe masaa 4 kwenye 200 na isipungue uzito zaidi ya 0.5%. Ukiwa na oveni ya umeme ambayo haipiki chakula siku hiyo, madirisha wazi, unaweza kuioka mwenyewe. Muulize muuzaji joto la juu la huo mpira kwanza, mwingine atakuuzia kitu kingine akiita silikoni.

Kipara wa Tandale

Kumbe kweli ni sinasi, samahani mkuu 😂 Ila fundi kaondoa fyuzi na kachukua hela? Mi pasi yangu nayo ilifanyiwa hivyo hivyo, ilitoboa suruali ya harusi.

Mwana wa Segerea

Daah nimechomoa. Bremen ahsante sana. Nimempigia fundi anasema hako kafyuzi kalikuwa kameungua akakatupa na kwamba "hazipatikani, wote tunafanya hivyo". Sasa nikienda Kariakoo nikaulizia fyuzi ya joto nachukua ya ngapi? Wana za pasi na za jiko la wali naziona zimening'inia pale.

Mbantu wa Bremen

Usichukue ya kukisia. Za pasi nyingi zimeandikwa 240, za jiko la wali ziko chini sana huko 170 au 180 na ushee, ukiweka ya juu ni kama hujaweka, ukiweka ya chini itakata siku ya kwanza utarudi kwa fundi yule yule. Kiwango kinategemea imekaa wapi ndani ya mashine, karibu na hita au mbali, kwa hiyo hata mashine mbili zinazofanana nje zinaweza kutofautiana. Waandikie waliotengeneza, wape namba ya mashine iliyoko kwenye stika ya chini, waulize nyuzi ngapi na ampea ngapi. Bro wako huko huko awapigie, hata kipuri cha kinachopima joto aagize pamoja.

Na kuifunga mwambie fundi mwingine asilehemu karibu na mwili wa fyuzi, joto la kulehemu linaikata kabla hata haijafanya kazi, inabanwa na vishikizo vya chuma kwa koleo. Fundi akikuuliza kwa nini, huyo mwache.

Mzee wa Bikari

Naongezea kidogo. Bro wako akikuletea nyingine au mtu humu akitaka kuagiza Marekani au Kanada aangalie nyuma kama imeandikwa 120V tupu. Ukiichomeka kwenye 230 yetu hita inapokea nguvu karibu mara nne, hapo usitegemee fyuzi ikuokoe. Inatakiwa iandikwe 220 mpaka 240, au 100 mpaka 240.

Na mtoto wa mwaka mmoja msimfukizie mkaratusi, kwa mashine wala kwa sufuria la Jembe. Chini ya miaka miwili hayo mafuta yanaweza kumbana pumzi. Fanyia chumba kingine na umalize hewa itoke kwanza.

Mwana wa Segerea

Sawa mzee. Bro kasema Jumatatu anawapigia, nimemtumia picha ya stika. Mashine iko juu ya kabati na waya wake wife kauficha.